Kila Mtu na Kaya Yake Ndani ya Seva Moja

Vijana wa maabara mmeniomba niandike jinsi kazi ya seva ilivyokuwa kabla yenu, na mimi nimekubali kwa sharti moja: msinihimize. Mwalimu Koku aliwaambia kwamba naandika polepole, mkadhani anatania. Nimesoma hadi darasa la saba, na kila herufi naitazama vizuri kabla sijaenda kwenye inayofuata. Kazini tabia hiyo haikuniharibia sana, kwa sababu mashine nayo inatazama kila herufi. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Yako kwenye majalada, na hayamsaidii mtu kuwasha seva.

Nilianza kazi chuoni nikiwa msichana mwenye aibu. Mtu akiniuliza jina, nilijibu nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Niliajiriwa kama mhudumu: kufagia, kufungua milango asubuhi, kupeleka chai ofisini. Chuo chetu mnakijua kilivyokaa, kimebanwa na mawe huku Ilemela, kila jengo limejengwa pale jiwe liliporuhusu. Miaka mingi nilifagia, na hiyo siielezi. Fagio mnalijua.

Kompyuta zilipoletwa, chumba kilichopatikana kilikuwa kile kinachotazama ziwa. Wote walikisifu kwa upepo wake. Hakuna aliyefikiria wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi na kuingia kila penye tundu. Baada ya muda mfupi mashine zikaanza kupiga kelele na kujizima. Mwalimu mmoja akaniita nije na brashi. Alipofungua mashine ya kwanza, feni ilikuwa imejaa wadudu waliokauka, wamesagika kama unga wa udaga, ule wa muhogo mkavu. Nikaisafisha. Nikasafisha na nyingine. Tangu siku hiyo nikahesabiwa kuwa mtu wa kompyuta, ingawa nilichojua ni wadudu.

Mwalimu huyo ndiye Mwalimu Koku. Alitoka Bukoba kuja kufundisha Java, lugha ya kuandikia programu, na alikuwa na tabia ya kuongea bila kupandisha sauti, hata anapokugombeza. Aliona jinsi nilivyokuwa nasimama nyuma ya mlango nikitazama skrini. Akaniambia, "Mama Sayi, njoo ukae. Kioo hakiumi."

Nikasema Kiingereza sikijui.

"Maneno ya mashine ni machache kuliko ya padri," akasema. "Soma hilo la kwanza kwa sauti."

Nilisoma vibaya. Hakucheka. Aliniambia maana yake, akaendelea na la pili. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Sikujifunza Kiingereza, nilijifunza maneno yale tu ambayo mashine huyasema inapoumwa. Mpaka leo nikisikia mgeni akizungumza Kiingereza nashika neno moja hapa na jingine pale, yale yanayohusu kushindwa, kukataliwa na kujaa.

Sasa nije kwenye seva. Wakati ule tulikuwa na mashine moja kubwa kwenye kona, ile iliyowekwa juu ya matofali. Ndani yake iliwekwa seva ya Java, yaani programu inayokaa macho ikisubiri mtu afungue ukurasa kwenye kompyuta yake, kisha inampa kilichoandaliwa na mwanafunzi. Darasa zima lilitumia seva hiyo moja. Kila mwanafunzi aliweka kazi yake humo, nazo zilikaa pamoja kama abiria kwenye kivuko cha Kigongo, wenye mbuzi na wenye magodoro.

Ubaya wake ulionekana mapema. Mwanafunzi akiandika programu inayozunguka bila kuacha, haikuanguka ya kwake peke yake. Zilianguka zote. Akibadilisha kitu kinachohitaji seva izimwe na kuwashwa upya, ilibidi darasa zima lisimame. Na mwenye paswedi ya kuzima na kuwasha nilikuwa mimi. Kwa hiyo siku nzima nilisikia hivi:

"Mama Sayi, shikamoo, naomba uzime uwashe."

"Marahaba. Wenzako wanaendelea."

"Ya kwangu haisomi mpaka uzime, mama."

"Akizima mimi namkata mtu!" anapiga kelele mwingine kutoka nyuma. "Nimejaza fomu yote, bado kubonyeza tu!"

"We si ulijaza jana?"

"Na jana mlizima!"

Mtu anaweza kudhani nilikuwa hakimu. Nilikuwa mhudumu mwenye kitufe kimoja, na kila nilipokibonyeza nilifurahisha mmoja na kuudhi darasa.

Mwalimu Koku alivumilia muhula mmoja. Muhula uliofuata alikuja na karatasi aliyochora nyumba kubwa, na pembeni yake vijumba vingi. Akanieleza hivi, nami nawaeleza nyinyi kama nilivyoelezwa, kwa sababu mpaka leo sijapata maelezo mafupi zaidi. Programu yenyewe ya seva tunaiweka mahali pamoja, mara moja, na hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuigusa. Kisha kila mwanafunzi anapata folda yake, ndani ya jina lake mwenyewe. Humo mna mipangilio yake, mna mahali pa kuweka kazi zake, mna faili la kumbukumbu ambamo seva inaandika kila lililotokea, na mna folda ya takataka za muda. Anapowasha, programu ni ileile ya wote, lakini inasoma mipangilio ya kwake na kuendesha kazi ya kwake tu. Akiiangusha, ameanguka peke yake. Akitaka kuzima na kuwasha, hamwombi mtu.

"Tuziiteje?" nikamuuliza.

"Kijiji ni kimoja, kisima ni kimoja, lakini kila mtu ana kaya yake. Tuziite kaya."

Jina likakaa. Wageni wakija maabara na kusikia kijana akisema kaya yake imekufa, huwa wanatoa pole.

Kitu kigumu kwenye kaya ni milango. Kila kaya inahitaji milango miwili, na mlango ni namba tu. Wa kwanza ni mlango wa mbele, ambao watu wanapitia kuona ukurasa. Wa pili ni mlango wa kuzimia. Huo hauonekani na mtu yeyote. Kaya ikiwashwa inakaa ikisikiliza kwenye namba hiyo, na amri ya kuzima ikifika hapo, inatii na kulala. Kaya mbili haziwezi kushika mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mwalimu Koku akaandika amri fupi inayomtengenezea mwanafunzi kaya mpya na kumpa milango yake miwili kutokana na namba yake ya usajili, ili wasigongane. Kazi yangu ikawa kumsimamia kila mwanafunzi mpya aandike amri hiyo.

Hata hivyo shida hazikuisha. Kijana mmoja, Masanja, alishinda asubuhi nzima akirekebisha rangi ya ukurasa wake, na ukurasa haukubadilika hata kidogo. Alibadilisha bluu ikawa nyekundu, nyekundu ikawa kijani. Mwisho akaja kwangu amevimba.

"Mama Sayi, mashine yenu inanidharau."

Nikaenda kutazama. Alikuwa amenakili anwani kutoka kwa jirani yake bila kubadilisha namba ya mlango. Asubuhi yote alikuwa akirekebisha kazi yake na kutazama ya mwenzake. Jirani naye alikuwa anashangaa nani anamtembelea kila dakika.

Mwingine alikuwa fundi aliyekuja kutusaidia kwa muda. Alikuwa na paswedi kubwa, na alipoona mwanafunzi amekwama, alimwashia kaya yake kwa jina la msimamizi. Kaya ikawaka vizuri. Kesho yake mwanafunzi akashindwa kuiwasha mwenyewe, kwa sababu mafaili yaliyoandikwa jana yalikuwa mali ya msimamizi, naye hakuruhusiwa kuyagusa. Mwalimu Koku alimwambia fundi kwa sauti yake ileile ya chini, "Ukimpikia mtu jikoni kwake, usiondoke na ufunguo." Hilo mlishike. Kaya ya mtu inawashwa na mwenyewe.

Shida iliyobaki ilikuwa ukubwa wa mashine. Kaya ikiwaka inachukua sehemu ya memori hata kama mwenyewe ameenda kunywa chai. Kaya zote zikiwaka pamoja, mashine inakuwa nzito, na ukurasa unafunguka kwa mwendo wa ng'ombe wa mnadani. Siku za kawaida tulivumilia. Siku za kuwasilisha kazi za mwisho mbele ya watahini haikufaa. Nikaanzisha desturi tuliyoiita kupisha. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWENZAKO AKIWASILISHA, ZIMA YAKO. Kabla mtu hajaanza, nilipita kwenye mlango wa maabara nikasema, "Pisheni," na wote waliokuwa ndani walizima kaya zao ili mwenzao apate nafasi. Desturi hiyo ilishika kuliko sheria za chuo. Nadhani ni kwa sababu wengi wao walikulia kwenye nyumba ambazo mtu akipita na ndoo kichwani, mwenye mkono mtupu anampisha.

Ndipo wakaja Kulwa na Doto.

Walikuwa mapacha kutoka ng'ambo ya Busisi. Mtu wa huku akisikia majina tu ameshajua ni mapacha na nani alitangulia kuzaliwa. Kulwa alikuwa msichana, mwepesi wa kusema na wa kutenda. Doto alikuwa mvulana, mtaratibu mno, anayefunga mlango kisha anarudi kuusukuma kuona kama umefungika. Mama yao alikuwa anaanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Aliwalea kama mapacha wanavyolelewa kwetu: anachopata mmoja na mwingine apate, na sahani ikiwa moja wanakula kwa zamu, kijiko kwa kijiko. Hata maabara walifanya hivyo. Viti vilikuwa pungufu, kwa hiyo wanafunzi wawili waligawana kompyuta moja. Kulwa alifanya kazi asubuhi, akazima kaya yake, akainuka. Doto alikaa mchana, akawasha ya kwake. Hawakuwahi kugombania kiti.

Kazi ya mwisho ya Kulwa ilitoka nyumbani. Aliandika programu ya kuonyesha chanja za kuanikia dagaa mwaloni: ipi iko wazi, ipi ina dagaa na ni za nani, na zipi zimeshakauka ziondolewe wengine waanike. Ilikuwa nzuri. Mwalimu Koku, ambaye husema "inatosha" pale wengine wanaposema "hongera", alisema "hongera".

Siku ya mazoezi ya kuwasilisha, Kulwa alisimama kwenye chumba cha projekta, nami nikapita maabara nikasema pisheni. Akaanza vizuri. Alipofika kwenye ukurasa wa tatu, skrini ikaandika kwamba haioni seva. Tukadhani ni umeme. Umeme ulikuwepo. Akaiwasha tena, ikakaa. Tukairudia mchana, peke yetu, na jioni, na siku iliyofuata. Ikakaa bila kuyumba. Mwalimu Koku akasoma programu yake mstari kwa mstari asione kitu.

Siku yenyewe watahini wakaja, pamoja na mkuu wa idara, mtu mwenye haki lakini asiyependa kurudia jambo. Nikasema pisheni. Kulwa akaanza. Safari hii hakufika hata ukurasa wa pili.

Maabara nzima ilisikia. Wanafunzi kwa maneno hawana huruma.

"Kulwa, we umelogwa. Kaoge maji ya ziwa alfajiri."

"Dagaa wamekataa kuanikwa."

"Muacheni," akasema Doto, akasimama.

Mkuu wa idara akamwambia Kulwa kwamba atampa nafasi moja ya mwisho mchana, baada ya wengine kumaliza. Ikifa tena, atarudia mwaka. Kulwa akatoka nje, akakaa kwenye jiwe karibu na mlango. Nikamfuata.

"Mama Sayi," akasema, "kurudia naweza. Lakini mama alisema tumeingia pamoja na tutatoka pamoja. Nikirudia mimi, Doto hataondoka. Atakaa tu kunisubiri. Mwaka mzima. Namjua."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Ameshakwenda chumbani kwake kufungua begi la safari, arudishe nguo kabatini."

Nikarudi ndani. Mwalimu Koku alikuwa amekaa mbele ya mashine kubwa, anasoma faili la kumbukumbu la kaya ya Kulwa. Mkuu wa idara alikuwa amesimama nyuma yake. Mwalimu aliweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Haikufa," akasema. "Imezimwa."

"Tofauti yake?" akauliza mkuu.

"Kinachokufa kinaacha malalamiko marefu. Hii imeandika kwamba imepokea amri halali kwenye mlango wake wa kuzimia, ikaaga, ikalala. Na siku ya mazoezi ni hivyohivyo."

"Kulwa aliizima?"

"Kulwa alikuwa amesimama mbele yako na fimbo ya kuonyeshea."

Mkuu akausoma ule mstari mwenyewe. Kisha akasema neno ambalo wote tulikuwa tunaliogopa. "Basi kuna mtu anamhujumu. Na chuoni hapa anayeharibu kazi ya mwenzake anafukuzwa. Namtaka huyo mtu kabla ya mchana."

Mwalimu Koku akageukia skrini. Aliangalia namba ya mlango wa kuzimia wa kaya ya Kulwa, akaandika amri ya kuiuliza mashine ni kaya zipi zenye namba hiyo kwenye mipangilio yao. Ilipaswa kuja moja. Zikaja mbili. Ya Kulwa, na ya Doto.

Mkuu wa idara akasema, "Mwite."

Nilimwita mimi. Doto aliingia, akatusalimu wote mmoja mmoja, shikamoo tatu kamili, kwa kuwa yeye hawezi kusalimu kwa jumla. Kulwa akaingia nyuma yake bila kuitwa.

"Asubuhi dada yako alipoanza, ulifanya nini?" mkuu akauliza.

"Nilipisha."

"Ulipishaje?"

"Nilizima kaya yangu, mzee. Mama Sayi alisema pisheni."

"Ilikuwa imewaka?"

Doto akafikiri. "Nadhani haikuwa imewaka. Sikuwa na uhakika. Nikazima ili kuhakikisha." Akaona tunavyomtazama, akaongeza, "Nilizima mara mbili."

Mwalimu Koku akafumba macho.

"Na siku ya mazoezi?"

"Pia nilipisha. Dada yangu ndiye anawasilisha, ningeachaje kupisha?"

Kulwa ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akashika kichwa. "Doto! Flashi! Ile kaya niliyokupa kwa flashi!"

Ikatoka yote. Wiki ya kwanza ya muhula Doto alikuwa nyumbani na homa. Wenzake wote waliandika ile amri ya kutengeneza kaya, mimi nikiwasimamia. Yeye alipofika, darasa lilikuwa limeshasonga mbele, naye aliona haya kuomba arudishwe nyuma. Kulwa akamwambia usihangaike, chukua yangu. Akanakili kaya yake nzima kwenye flashi, akampa, kama anavyompa nusu ya chapati. Doto akabadilisha namba ya mlango wa mbele, kwa kuwa tangu yale ya Masanja iliandikwa ubaoni kwamba kila mtu awe na yake. Ya kuzimia hakuijua. Haikuwa imeandikwa ubaoni, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya ile amri.

Na hawakugongana muhula mzima, kwa sababu hawakuwahi kuwasha kwa wakati mmoja. Waliishi kwa zamu. Kilichowagonganisha ni adabu: Doto alizima kaya yake iliyokuwa imeshalala, amri ikaenda kubisha kwenye mlango aliopewa, na aliyekuwa nyuma ya mlango huo ni Kulwa. Mlango wa kuzimia hauulizi nani anabisha.

Doto alikuwa bado anaunganisha mambo. "Kwa hiyo ni mimi?" akasema. "Mara zote mbili ni mimi?"

"Ni wewe," Kulwa akasema. "Kwa heshima na taadhima."

Mkuu wa idara hakucheka. Aliinua mkono. "Hapo hujuma imeondoka, limeingia jingine. Kaya nzima imenakiliwa. Kazi ya mtu inakaa ndani ya kaya. Nitajuaje kwamba kijana huyu hakupewa na kazi?"

Swali lilikuwa la haki, na chumba kikawa kizito kuliko lilipotajwa neno hujuma. Kunakili kazi nako kunafukuzisha, na hapo wangeondoka wote wawili. Kulwa alifungua mdomo, Mwalimu Koku akamwashiria anyamaze. Kisha akamwambia Doto afungue folda yake ya kazi, mkuu aone mwenyewe.

Humo mlikuwa na vitu viwili. Kimoja ni ukurasa wa wiki ya kwanza wa Kulwa, ule ambao kila mwanafunzi huanza nao, wenye neno moja tu: Habari. Doto hakuwahi kuufuta, kwa kuwa si wake. Cha pili ni kazi yake ya mwisho, ratiba ya ligi ya mpira ya mitaa, yenye majina ya timu na viwanja, isiyo na uhusiano wowote na dagaa. Mkuu alivuta kiti akakaa. Akaisoma kwa muda mrefu. Akamuuliza Doto maswali matatu kuhusu namna ratiba inavyoepuka timu moja kucheza mara mbili kwa siku. Doto alijibu mawili vizuri, na la tatu akasema hajui, bado linamsumbua.

"Hii ni yake," mkuu akasema. "Mtu aliyenakili hana kinachomsumbua." Akanigeukia. "Mama Sayi, rekebisha mlango. Mchana binti atawasilisha."

"Doto akae mbali na kibodi," akasema mtahini mmoja aliyekuwa ameingia katikati ya mazungumzo.

"Hapana," akasema mkuu. "Akikaa mbali tutajuaje kama imepona? Atakuwemo chumbani. Katikati ya maelezo ya dada yake atawasha yake, kisha ataizima. Nikiona ile nyingine imebaki, nitaamini mlichoniambia. Isipobaki, sina cha kuandika ila kurudia."

Nilikaa kwenye kompyuta, nikafungua mipangilio ya Doto nikabadilisha ile namba ya mlango wa kuzimia, nikaitazama, nikaitazama tena. Waliokuwa nyuma yangu walikohoa. Sikuongeza mwendo. Kisha nikamwambia Doto aihifadhi yeye, maana ni kaya yake.

Mchana Kulwa alisimama mbele. Aliwasha kaya yake, akafungua ukurasa wa chanja za mwaloni, akaanza kueleza. Doto alikaa kwenye meza ya pembeni na kompyuta nyingine. Mkuu akampa ishara, akawasha ya kwake. Ikawaka, nayo ilikuwa mara ya kwanza kaya zao mbili kuwa macho pamoja. Mkuu akampa ishara ya pili.

Doto aliandika amri ya kuzima. Herufi zote zilikuwa pale kwenye skrini. Ilibaki kubonyeza. Hakubonyeza.

Chumba kikasubiri. Kulwa akaacha kueleza.

"Doto," akasema. "Zima."

"Nikikuua tena?"

"Umeshaniua mara mbili bila kuombwa. Leo unaombwa, unajivunga?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya kibodi, umekakamaa kama wa mtu anayetaka kushika chungu cha moto.

"Kulwa, huu ni mwaka wako."

"Ni wetu. Zima, mdogo wangu, wazee wanasubiri."

Akabonyeza.

Kaya ya Doto ilizimika. Kwenye ukuta, chanja zilibaki zilivyo. Mkuu wa idara akasema, "Fungua ukurasa upya, binti, nisije nikawa natazama picha iliyoganda." Kulwa akaufungua upya. Ukurasa ukarudi, na chanja mbili zenye dagaa zilizokauka zilikuwa zimebadilika rangi kama alivyokuwa ameahidi kabla ya kukatishwa.

"Endelea," akasema mkuu, akachukua kalamu.

Kulwa akaendelea. Alieleza kuhusu mvua, kuhusu anayechelewa kuondoa dagaa zake, kuhusu mama mwenye simu ya tochi isiyofungua kurasa. Aliulizwa maswali mengi akayajibu. Doto aliinuka kwenye meza, akasogea hatua chache nyuma, akaegemea ukuta mahali pasipo na waya wala swichi. Akakunja mikono, akaificha makwapani, na hakuitoa mpaka dada yake alipomaliza.